Posti ya Kambale

Safari hii ilianzia kwenye simu mbaya. Mdogo wangu Kambale, anayeishi Goma, alimpigia baba yetu mdogo, Mzee Kasereka, hapa Butembo, na mtandao ukawa unakatakata maneno kama kawaida yake. Kati ya vipande vilivyofika, mzee alishika viwili tu: "daktari" na "posti". Sasa kwetu posti si mahali pa kutumia barua. Barua tuliziacha zamani. Posti ni cheo: kiti, ofisi, na mtu wa kukufungulia mlango. Jumapili iliyofuata mzee alisimama kanisani wakati wa shukrani akatangaza kwamba mtoto wetu amepewa posti Goma, tena na daktari mwenyewe.

Hapo kila kilichotutatiza juu ya Kambale kikapata maelezo. Alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Butembo na Goma, na tangu aliposhambuliwa njiani hakuwahi kurudi nyumbani, hata kwa Noeli. Kumbe ana kazi nyingi, tukasema. Lakini binti yake Masika, ninayemlea tangu mama yake afariki, alikuwa amechumbiwa, na upande wa mvulana walikuwa tayari kuleta mbuzi. Kwetu mbuzi wa mahari hawapokewi na shangazi wakati baba mtu yu hai. Masika aliniambia taratibu, "Kama papa hakuje, miye sitaolewa." Ni binti mpole, ila neno lake halirudi nyuma. Basi nikatumwa mimi, Kahindo, dada mkubwa na muuza vitenge niliyezoea barabara, nikampongeze bosi na kumleta.

Kasindi, mpakani, ndipo nilipotoka Kongo ili niende Kongo. Njia ya moja kwa moja kutoka Butembo hadi Goma ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo kufika mji mkuu wa jimbo langu mwenyewe ilinibidi nizunguke Uganda na kuingia tena nchini kwetu kupitia Bunagana. Huko Uganda abiria wanalala garini midomo wazi. Niliwaonea wivu, kisha nikauficha mkoba wangu chini ya kiti kwa mazoea.

Bunagana nilipokewa na kijana mwenye bunduki na muhuri wa utawala uliokuwapo wiki ile.

"Mama, unaenda fasi gani?"

"Goma, kuona ndugu yangu. Iko na posti."

"Posti ya nini?"

"Ya daktari."

Alinitazama kwa heshima, akagonga muhuri bila kufungua mzigo. Nilivuka nikijisifu. Posti ya Kambale ilikuwa imeanza kuifaa familia kabla hata sijamwona mwenyewe.

Kibumba, karibu na mwisho wa safari, ni mashamba ya kabeji na viazi pande zote, na kando yake mahema ya watu waliokimbia mashamba mengine. Kutoka pale barabara inateremka hadi Goma, na vijana wanashuka nayo wakiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyorundikwa kabeji hadi dereva haonekani. Zinapita juu ya mawe ya volkano kwa kishindo cha kutosha kumwamsha maiti.

Goma nilimkuta Kambale mtaa wa Katindo, katika chumba kilichopakana na ukuta wa kambi ya jeshi. Bosi alitoka nje na vumbi la mbao kichwani. Alikuwa akitengeneza chukudu. Mtu aliyeendesha lori la magurudumu kumi sasa alikuwa anachonga magari yasiyo na injini.

"Yaya, karibu," alisema. Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Ulipita wapi?"

"Uganda. Ofisi iko wapi?"

"Ofisi gani?"

"Ya posti yako. Muzee alishukuru Mungu mbele ya kanisa nzima."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya ubao. Nami nikacheka bila kujua tunacheka nini.

"Yaya, haiko posti ile. Docteur alisema niko na stresi posti-tromatike. Ni ugonjwa. Posti ni kusema kisha. Ugonjwa yenye inakuja kisha mambo mabaya."

"Kisha nini?"

"Kisha vita."

Nyuma ya ukuta lori la askari lilikuwa linatoka kwenda mstari wa mbele, nao wanaimba.

"Vita iliisha lini?" nikamuuliza.

"Ndiyo ile niliuliza docteur. Akaandika dawa."

Mchana ule nilitaka kumpikia chakula cha kwetu. Nilikuwa nimembebea vitunguu vya Butembo kupitia nchi mbili, nikavikaanga mlangoni kwake kwa fahari. Nilipoinua kichwa Kambale hakuwapo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, shati limelowa jasho. Nilimshika bega kutoka pembeni naye akaupiga mkono wangu kwa nguvu. Kisha akanitambua, akaanza kuomba msamaha mfululizo.

Hapo ndipo aliponieleza kile ambacho hakikupenya kwenye simu. Siku ile lori lilijaa vitunguu. Waliposhambuliwa juu ya Kibumba, Jado, msaidizi wake wa garini, alipigwa risasi akafia juu ya magunia. Kambale alijificha chini ya lori hadi jua likashuka, na vitunguu vikimmwagikia.

"Batu banasema ninakumbuka sana," alisema. "Hapana, yaya. Harufu ikikuja, sikumbuke. Niko pale."

Nilimpa jirani sufuria pamoja na vitunguu vyote, naye alishukuru sana, akaniuliza kama ninakaa siku nyingi.

Jioni nilipomuuliza kwa nini amepanga kando ya kambi, alijibu kwamba pale risasi zina mwenyewe. Zikilia anamuuliza mlinzi wa getini, naye anamwambia ni askari aliyelewa. Kwingine angemuuliza nani? Hata hivyo alilala na viatu mguuni, amegeukia mlango.

Kesho yake asubuhi alinipeleka kwenye kikundi chake cha wenye ugonjwa huo, katika ukumbi wa parokia. Nilijiandaa kukutana na watu wanaolia. Niliwakuta wanakunywa chai na kubishana juu ya kelele. Mama Espe, aliyesomea kazi ya kuwasikiliza watu wa namna hii, ndiye aliyewaongoza. Kila kishindo kilichotoka barabarani, mmoja alipaswa kusema ni cha nini na ni cha lini.

"Chukudu," alisema mzee mmoja. "Ni leo."

"Haiko chukudu, ni pipa," akajibu mama mmoja. "Lakini ni leo."

"Pipa ao chukudu, mumekubaliana juu ya siku," alisema Mama Espe. "Inatosha."

Nilimwambia kwamba baba yetu mdogo ana dawa ya mambo haya: kusahau na kusali. Hakunicheka.

"Kusali, asali. Lakini musimuambie asahau, sababu haiko yeye anachagua. Mwili ya mutu mwenye aliogopa sana inakuwa sawa sentineli, mulinzi mwenye hawakumuambia zamu yake iliisha. Hatumufukuze. Tunamuonyesha tu: angalia, ni leo."

"Atapona?"

"Kuna siku atakuwa muzuri, kuna siku hapana. Zile muzuri zitaanza kuongezeka. Musimuite muoga. Na musimushike bila yeye kuona mukono."

Tukiwa njiani kurudi Katindo nilimweleza Kambale habari ya Masika na mbuzi. Tulipopita geti la kambi alimpungia mlinzi mkono.

"Ile barabara inapita pale," alisema.

"Najua."

"Nitajaribu. Nikishindwa, musiniulize."

Siku ya kuondoka alichagua kiti cha mbele, dirishani, akanikalisha kando yake. Kila sauti aliitaja kwa sauti ya chini: honi, mbuzi, mlango. Abiria wa nyuma wakaanza kuangaliana. Mama mmoja aliniuliza kwa huruma kama ninampeleka kwa mchungaji.

Kibumba, palepale kwenye mashamba, kitu kikalipuka. Sikumbuki nilivyotoka garini. Nakumbuka kabeji baridi shavuni mwangu, na huyo mama wa swali la mchungaji akiwa amelala juu ya miguu yangu. Dereva alikuwa mtaroni. Hata askari wa kizuizi cha barabarani pale alikuwa amelala kifudifudi juu ya bunduki yake, ambayo naamini ilipaswa kuwa juu.

Garini alibaki mtu mmoja. Macho ameyafumba, jasho linamtiririka, vidole vimeshika kiti, anasema, "Ni mupira. Ya nyuma, kuume. Ni leo. Ni mupira, ni leo." Kisha akafumbua macho, akashuka, akamuuliza dereva aliyekuwa bado mtaroni, "Jeki iko wapi?"

Tulijipangusa udongo bila kutazamana. Kambale alibadilisha tairi mwenyewe, maana kazi hiyo aliijua tangu ujana. Katika gari zima, mwenye karatasi ya daktari alikuwa yeye peke yake.

Mbele kidogo tulipita mahali penyewe. Hapana alama yoyote, ni kona tu na nyasi. Alinishika kifundo cha mkono nikadhani kitavunjika. "Ni leo?" aliniuliza. "Ni leo," nikamjibu, na nikaendelea kujibu mpaka Rutshuru. Nilikuwa ninalia, naye hakuona, kwa sababu alikuwa anatazama barabara.

Uganda, kwenye amani, ndiko alikopata shida zaidi. Kimya kile hakukiamini. Alikula mkate wake amesimama, akiwatazama wale wanaolala midomo wazi kana kwamba kuna jambo hawajaambiwa.

Butembo nilimweleza Mzee Kasereka ukweli wote, Masika akisikia, kabla mzee hajapata nafasi ya kumtangaza tena bosi. Mzee aliuliza kama ni posti ya kudumu. Nikamwambia daktari hajui.

Siku ya mahari sebule ilijaa hadi watu wakabanana mlangoni. Wakwe walipoingia, akina mama wakapiga vigelegele, mtu akagonga ngoma, na Kambale akainuka akapenya kati ya wageni wote hadi nje. Minong'ono ikaanza. Msemaji wa upande wa mvulana aliuliza kwa sauti, "Muzazi anatukimbia?" Niliona sura ya Masika inabadilika, nikahisi safari yangu yote inamwagika kama maji.

Masika akainuka na vitenge vyake vipya, akatoka. Tukamwona kupitia dirishani akimzunguka baba yake, akasimama mbele yake mahali ambapo macho yake yangemfikia, ndipo akampa mkono. Walizungumza kidogo. Kisha Kambale akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Ninabakaribisha, lakini ni hapa inje, fasi naona barabara."

Hapakuwa na desturi ya hivyo, na kila mtu alisubiri mwingine amkatalie. Mzee Kasereka, yule wa kusahau, ndiye aliyenyanyua kiti chake kichwani akatoka nacho. Nilikuwa nimekwenda mpaka Goma kumleta ndugu yangu kwetu. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba na sisi tungetakiwa kusogea. Nikabeba benchi. Wakwe wakabeba viti vyao, wakilalamikia jua, na msemaji wao akaanza hotuba yake upya, mkono mmoja kwenye paji la uso. Masika hakuondoka kando ya baba yake. Mbuzi wakapokewa huko nje, na Kambale ndiye aliyewapokea.