Nyumba Namba Kumi na Saba Haikaliwi

Dodoso namba mia moja na nne lilipita mikononi mwangu kwanza, na nakiri sikuliona. Mimi ni mhazili wa idara ya takwimu hapa chuoni. Wiki ile kazi yangu ilikuwa kupokea madodoso ya wanafunzi, kuyahesabu, na kuyafunga mpira ishirini ishirini. Kusoma yaliyoandikwa ndani si kazi yangu, na mimi si mtu wa kujitafutia kazi.

Chuo chetu ni cha kanda nzima. Nchi kadhaa hutuletea vijana wao, tunawapika miaka miwili mpaka waive, kisha kila mmoja anarudi kwao kuhesabu watu na kufuatilia bei ya unga. Mwaka wa kwanza wanatuma salamu. Wa pili, kimya. Mimi nina mume na watoto wanne wa kunichosha, kwa hiyo kimya hicho hakinisumbui. Aliyesumbuka nacho ni mwalimu wao, Bi Hakiki, na hakumwambia mtu.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi. Ukimpelekea karatasi yenye pengo, anakurudishia: "Rudi ukahakiki." Ukimwambia mwenye nyumba alikuwa mkali, "Rudi ukahakiki." Hata mimi siku moja nilimwambia wino wa mashine umekwisha, akaniangalia juu ya miwani. "Umehakiki?" Nikaenda kuhakiki. Wino ulikuwepo. Nilinuna wiki nzima.

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili, kutoka nchi yake iliyo mwendo wa siku mbili kwa basi. Miwili ikawa minne, ikawa ishirini na miwili. Alikaa nyumba namba kumi na saba, mtaa wa walimu, ukuta mmoja na kwangu. Asubuhi alitoka kabla hatujaamka, jioni alirudi giza limeshaingia. Hakuwa na mume wala mtoto. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpa, tena siku ya kwanza, tukasahau kumkaribisha ndani.

Mwaka ule mkataba wake ulikuwa unaisha tena. Karatasi ya kuuongeza ilikuwa mezani kwangu, mkuu wa chuo ameshatia saini, inasubiri saini yake tu kabla ya Ijumaa. Nilimkumbusha mara tatu. Mara ya tatu akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaka yangu naye anadai jibu," alisema. "Mwanawe anaoa, wanataka chumba changu. Nikisaini hapa, chumba kimekwenda."

"Si uwaachie tu, Mwalimu? Kwani unakilalia?"

Nilikuwa natania. Hakucheka. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikwenda kuzika, na siku ya tano alikuwa darasani akishika chaki.

"Mama alipokuwepo nilijua nina kwetu," alisema. "Sasa sijui kama kuna anayenihesabu."

Nikashika faili, nikajifanya natafuta kitu ndani yake.

Sasa, kila mwaka wanafunzi hufanya zoezi la kuhoji kaya katika mitaa inayozunguka chuo. Nyumba zinachaguliwa kwa bahati nasibu, hakuna kuruka yenye mbwa. Unabisha hodi mara tatu, siku tatu tofauti. Ukikosa mtu unauliza jirani, kisha unaandika ulichokuta. Kanuni hizo alizitunga Bi Hakiki mwenyewe. Mwaka ule mtaa wa walimu uliingia kwenye sampuli, na namba kumi na saba ikatoka.

Jumatano aliingia ofisini na dodoso namba mia moja na nne, akaliweka mbele yangu. Kwenye matokeo ya mahojiano palikuwa pameandikwa kwa mwandiko safi: "Nyumba haikaliwi. Ziara tatu, hakuna mtu. Jirani wa namba kumi na nane amethibitisha."

Namba kumi na nane ni kwangu. Siku hiyo niliporudi nyumbani nilimvaa mume wangu kabla sijavua viatu.

"Mimi nimesema sijawahi kumwona mtu pale," alijitetea. "Natoka saa mbili, narudi saa kumi. Ningemwona saa ngapi?"

Tangu tuhamie mtaa ule, miaka kumi na mitano ukuta mmoja! Nilimgombeza mpaka akakimbilia uani. Lakini nilijua ninagombeza nini. Mimi nilikuwa namwona kila siku, na ndani ya nyumba ile sikuwahi kutia mguu.

Bi Hakiki angeweza kufuta sentensi ile akaandika nyingine; kalamu alikuwa nayo. Hakufuta. Kilichoandikwa uwandani hakisahihishwi ofisini, ndivyo alivyofundisha. Jumatano ileile alimwita mwanafunzi aliyeandika, binti mmoja mrefu, mpole, asiyejua kabisa alikuwa amebisha hodi kwa nani.

"Rudi ukahakiki. Kesho saa kumi na moja. Utanikuta."

Binti alielewa taratibu, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Na kwa kuwa ziara ya marudio lazima iwe na shahidi, Bi Hakiki alininyooshea kidole. "Mhazili atakuja nawe. Ni jirani."

Alhamisi tukaenda. Sebule ilikuwa safi mno. Kulikuwa na viti vinne, na vitatu bado vilikuwa na nailoni ya dukani. Ukutani zilipangwa picha za mahafali, moja kwa kila darasa aliloliaga, na chini ya kila picha majina yote kwa mkono wake. Tukakaa, nailoni ikalia.

"Mkuu wa kaya ni nani?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi."

"Wengine waliolala hapa jana?"

"Hakuna."

"Katika siku saba zilizopita, mtu mwingine amekula hapa?"

"Hakuna. Ongeza sauti, binti. Unamhoji mtu, humpi pole."

Swali la mwisho nilikuwa nalijua, kwa sababu nililichapa mwenyewe: jina na simu ya mtu atakayejua ulipo ukihama. Hilo haliruhusiwi kuachwa wazi. Amewafelisha wengi kwa swali hilo. Sasa zamu ilikuwa yake, nami nikainamia sakafu, nikiogopa ataniangalia, na nikiogopa zaidi kwamba hataniangalia.

"Andika kaka yangu," alisema mwishowe, akataja namba.

Kanuni inataka namba ipigwe palepale. Binti akapiga, akaweka sauti ya wazi, akajitambulisha, akamtaja mwalimu wake kwa jina kamili.

"Huyo ni dada yangu," sauti ya mwanamume ilisema. "Kuna nini? Anaumwa?"

"Hapana, ni mzima. Tunahakiki taarifa tu. Akihama hapa, utajua alipo?"

"Ahamie wapi tena?" Alicheka. "Binti, huyo huku hajahama. Sensa mbili zimepita, zote mama kamwandikisha. Karani anauliza nani kalala humu usiku wa kuamkia leo, mama anatutaja, na dada anamtaja. Nikimkonyeza ananijia juu: 'Kitanda chake si kile? Shuka si nimetandika jana?'"

Bi Hakiki alivua miwani. Miaka ishirini na miwili amefundisha kulinasa kosa hilo hilo, mtu asiyekuwepo kuandikwa yupo, na kumbe mara mbili lilifanyika kwao, kwa mkono wa mama yake. Mganga hajigangi. Alilia waziwazi mbele yetu, na mimi nililia pia, kwa aibu zaidi kuliko huruma.

"Kaka," aliita.

"Kumbe uko hapo!" Kaka akashusha sauti. "Dada, chumba sikitaki kwa ubaya. Ila sensa ni mwezi ujao na mama hayupo, na mimi uongo wa mama siuwezi. Karani akija nimwambie nini?"

Alizitazama zile picha ukutani, miwani mkononi.

"Usimwambie kitu," alisema. "Nitamjibu mwenyewe."

Kaka akasema sawa, mara mbili, simu ikakatika. Binti akauliza kwa woga aandike nini kwenye matokeo.

"Andika inakaliwa. Umekuta mtu."

Ijumaa karatasi ya mkataba ilirudi mezani kwangu bila saini. Wiki tatu baadaye alipanda basi na sanduku moja. Picha alizibeba zote. Nilimsindikiza mpaka kituoni, jambo la kwanza nililowahi kumfanyia, na likawa la mwisho.

Juzi jioni mume wangu aliweka gazeti chini akasikiliza ukuta.

"Hivi ile redio ndogo iliyokuwa ikisikika hapo ng'ambo," aliuliza, "imekwenda wapi?"

Nilimwambia sasa ndiyo hakai mtu.