Alama Zilizofichwa Nyumbani kwa Mhadhiri

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hunirudia kila ninapotia nguo kwenye maji. Nilitoka chumbani kwangu mtaani Mathare nikiwa na beseni kichwani na kipande cha sabuni, bila kujua ninakwenda wapi. Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sikutulia mahali. Nilifua nguo mtaa wa Umoja, nikauza mitumba sokoni Gikomba, na nilipouchoka mtaa niliuhama. Kitu kimoja tu hakikuniacha: hamu ya kujua. Nikifungiwa nyama kwa gazeti, nililisoma gazeti kwanza, nyama ikangoja.

Asubuhi hiyo niliwaona wanafunzi wa chuo kikuu wakitembea kwa makundi, nikaamua kuwafuata nikaone watu waliosoma wanaishi vipi. Mlinzi wa lango hakuniuliza chochote. Mwanamke mwenye beseni haulizwi; kila mtu anajua amekuja kufua.

Kwenye bweni la wasichana, binti mmoja aliniita kutoka dirishani.

"Auntie, unafua?"

Jina lake lilikuwa Adhiambo. Alikuwa mwaka wa mwisho, na baba yake alikuwa kibarua wa kiwandani. Alinitolea nguo zake zote. Nilipofika kwenye gauni moja la bluu, niliona ni safi kabisa, hata harufu ya sabuni bado lilikuwa nayo. Nikamwambia hili halihitaji kufuliwa. Akasema nilifue tu. Nikalifua, nikalisuuza, nikalikamua. Akalitoa mkononi mwangu, akalirudisha kwenye beseni.

"Tena, tafadhali."

Mimi ni mtu wa maswali, na mara nyingi yamenitia matatani. Lakini pale kitu kiliniambia ninyamaze. Nikainama nikaendelea kufua. Nadhani aliona ni rahisi kusema na mtu ambaye hamtazami usoni, kwa maana alianza kueleza taratibu, akiwa amekaa kwenye ngazi, magoti ameyakumbatia.

Alama zake za somo moja hazikuonekana. Mtihani aliufanya, wenzake walimwona akiufanya, lakini matokeo yalipotoka, mahali pake palikuwa wazi. Mhadhiri wa somo hilo akamwambia aje ofisini wazitafute. Alipoingia, mhadhiri alifunga mlango kwa ufunguo, akamshika. Adhiambo aliponyoka tu kwa sababu mtu alibisha hodi. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la bluu.

Sasa mhadhiri alikuwa amempigia simu. Karatasi yake ya mtihani imepatikana, iko nyumbani kwa mhadhiri. Aje leo saa kumi jioni, aje peke yake, na asimwambie mtu. Bila alama hizo hatahitimu, na baba yake alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa siku ya mahafali.

Nikamuuliza kama atakwenda.

"Nisipoenda, nitamwambia nini baba?"

Simu yake ikaanza kulia palepale kwenye ngazi. Hakuigusa. Alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akiitazama ile simu kama mnyama aliyeingia ndani. Ilinyamaza, ikaanza tena. Mwanangu, mimi nimelala Mathare kwenye chumba ambacho mlango wake ulikuwa bati lililoegemezwa, na nilijua hofu. Lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akimwogopa mwalimu wake namna ile.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia avae viatu tuondoke. Hakuuliza tunakwenda wapi. Nguo tuliziacha kwenye kamba, zikidondosha maji.

Nilimpeleka Gikomba kwa sababu huko nilikuwa na watu. Wasukuma mikokoteni walinijua. Nilikuwa nikiwacheka na wao wakinicheka, na mzigo wangu wa mitumba hawakuwahi kuuangusha. Kiongozi wao tulimwita Mrefu. Alipotuona alianza utani wake.

"Nafula, beseni umeuza? Ama umeolewa bila kutuambia?"

Sikucheka. Nikamwambia kuna mtu anamsumbua huyu dada, na saa kumi mtu huyo atakuwa nyumbani kwake, na mimi nitapiga kelele za mwizi mlangoni.

Sikuwa nimemaliza kusema. Mkokoteni wa kwanza ukawekwa chini, kisha wa pili. Mmoja akainama akaokota chuma. Mrefu utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Yuko wapi?" akauliza.

Hilo ndilo swali pekee lililoulizwa. Hakuna aliyetaka kujua mtu huyo ni nani wala amefanya nini. Nilimtazama Adhiambo, nikaona sasa ananiogopa mimi pia.

Hapo ndipo mkono uliponishika begani. Alikuwa Bi Mwanaisha, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza mashuka ya mitumba karibu na hapo, ambaye familia yao ilitoka pwani zamani, na ambaye mara nyingi alinipa chai nikiwa sina kitu. Aliwaambia wale vijana, kwa upole tu, warudi kwenye kazi zao, hakuna mwizi hapa. Walimheshimu, wakarudi. Kisha akatuvuta sote wawili nyuma ya mashuka yake, akataka kujua kila kitu. Adhiambo alieleza. Bi Mwanaisha hakumkatiza, wala hakumuuliza alikuwa amevaa nini. Alipomaliza, alimfunika mabega kwa leso aliyokuwa amejitanda, ndipo akanigeukia.

"We Nafula, kelele ile unaijua?"

Nikasema najua.

"Hujui. Ndugu yangu alipigiwa kelele ile kwa sababu ya simu ambayo haikuwa mkononi mwake. Nilipofika nilimtambua kwa viatu. Mpaka leo sijui ni nani aliyepiga kelele ya kwanza. Labda alikuwa mtu mwema kama wewe, aliyekuwa na hasira kama wewe."

Akaendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Na huyo mwalimu akishauawa, nani atauliza alimfanya nini huyu binti? Watazungumzia maiti. Huyu atakuwa shahidi wa mauaji, na lake litazikwa pamoja na yule bwana."

Kisha akamgeukia Adhiambo. Akasema jambo ambalo kwetu mitaani ni la kawaida mno, mpaka nilishangaa kwamba sikuliwaza.

"Sisi hapa hata mtu akienda kuona daktari, husindikizwa. Akienda kudai maiti ya mtu wake, husindikizwa. Wewe unaitwa na mwanamume aliyekufungia mlango, na unakwenda peke yako kwa nini?"

"Alisema nije peke yangu," Adhiambo akajibu.

"Basi hapo ndipo alipokuambia anachotaka."

Adhiambo akaanza kulia, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Bweni hakuweza kurudi, maana mhadhiri alijua chumba chake. Bi Mwanaisha alifunga mashuka yake mapema, akatuchukua hadi mtaa wa Mowlem, alikokuwa na vyumba viwili kwenye ploti, ua mmoja wa vyumba vya kupanga. Sikuwa nimewahi kufika Mowlem kabla ya siku hiyo. Mimi na Adhiambo tulipewa chumba cha ndani. Kabla hatujaweka chochote chini, Bi Mwanaisha alipita kwa majirani, mlango mmoja baada ya mwingine, akiwaambia ana wageni, na mwanamume yeyote akija kuwaulizia, wampigie yeye simu mara moja.

Saa kumi ilipofika simu ililia. Adhiambo aliiweka mezani, na Bi Mwanaisha akaifunika kwa sufuria. Ililia humo ndani, ikiitetemesha sufuria. Kila ilipoanza, nilitazama mlango. Sote tulitazama mlango. Mwanangu, yule mtu hakujua tulipo, lakini mlio wa simu yake tu chini ya sufuria ilitosha kutunyima pumzi.

Kesho yake tulimsindikiza chuoni, hadi ofisi ya mkuu wa idara: Bi Mwanaisha, mimi, na kina mama wa ploti. Katibu wa mkuu wa idara alitaka tungoje nje ya lango. Bi Mwanaisha alimjibu kwamba tumemleta mtoto wetu na tutaondoka naye, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Tukakaa. Kabla ya adhuhuri, msichana mwingine ambaye hatukumjua alikuja akakaa mwisho wa benchi bila kusema neno. Halafu mwingine. Nao alama zao zilikuwa zimepotea kwa mhadhiri yuleyule.

Mkuu wa idara alitusikiliza, lakini sitakudanganya kwamba mambo yalikwisha siku hiyo. Yalichukua muda mrefu, na kulikuwa na siku Adhiambo alitaka kuacha. Wapo waliomwita mwongo, na mhadhiri alituma watu wa kumbembeleza na wengine wa kumtisha. Mwishowe aliondolewa kufundisha, na karatasi za wasichana wale zikasahihishwa na mtu mwingine. Adhiambo alihitimu, ingawa si siku ile baba yake aliyoitangaza. Hata leo akiingia chumba chochote, hutazama kwanza ufunguo uko upande gani.

Sasa nawe unakwenda chuo kikuu, mwanangu, na mimi niliyeishia darasa la saba sina la kukufundisha kuhusu vitabu. Nina hili tu. Mkubwa anayekuambia uje peke yako na usimwambie mtu, mwambie mtu siku hiyohiyo. Alama hazitafutwi chumbani kwa mtu. Ukiitwa, nenda na mwenzako, na mlango ubaki wazi. Akikasirika kwa hilo, umeshamjua. Ujumbe anaokuandikia usiufute, hata kama unakuchefua. Mwenzako akija kwako akitetemeka, usimuulize kwa nini alikwenda. Mfunike, umsikilize, kisha uongozane naye hadi kwa wanaopaswa kusikia, na ukae kwenye benchi mpaka wasikie. Na hasira yako usiikabidhi kwa watu wasiouliza chochote ila "yuko wapi".

Kuhusu hofu, sina dawa. Mimi bado ninayo. Jioni ile Mowlem sote wanne, pamoja na binti wa jirani aliyetuletea uji, tuliogopa mpaka mwisho. Lakini tuliogopa tukiwa pamoja, kwenye chumba ambacho Bi Mwanaisha alikuwa ametupa ufunguo wake, akituambia tufunge wenyewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mlango unaofungwa kutoka ndani kwa mkono wako mwenyewe, na nje ya mlango huo akuwekee watu wanaojua uko wapi.