Wiki Kumi Ambazo Mama Alitembea

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipanda boti kwenda Minova kununua, akarudi nao Bukavu, akawakausha, kisha akakaa nao sokoni kwenye kigoda kifupi tangu asubuhi hadi jua linapolegea. Kwa hiyo nyonga yake ya kuume ilipoanza kuuma, mwaka wa pili baada ya kukatwa titi kwa sababu ya saratani, hakuna aliyeshtuka. Mwenyewe alisema ni kigoda. Mimi nilitaka sana kiwe kigoda.

Jumapili moja kanisani alipiga magoti kama watu wote, na tuliposimama yeye akabaki chini. Nilidhani bado anasali. Nilipoinama nikaona jasho linamtiririka usoni na ameuma kitambaa chake cha kichwa ili asipige kelele. Wanaume wawili wa kwaya walimbeba hadi nje.

Hospitalini walimpiga picha ya mifupa. Daktari wa upasuaji, mtu mpole mwenye mvi chache, aliniita mimi na mjomba wangu, kaka yake mama, huku mama amelala kwenye kitanda cha magurudumu kwenye ukumbi. Alituonyesha picha dirishani. Pale ambapo mfupa wa paja unaingia katika nyonga, mfupa ulikuwa na matundu kama ubao ulioliwa na mchwa, na ufa mwembamba ulipita katikati.

"Kansere ya titi ndiyo iko hapa," alisema. "Ilisafiri na damu ikaingia mu mufupa."

Mjomba akauliza kama watakata mguu.

"Hapana. Kumufungua sana hatutaweza, damu yake iko chini. Tutapitisha sindano kubwa na skrubu ndefu mu matundu madogo mbili, kama ukucha wangu huu. Tunaangalia kwa mashine ya picha tunapoingiza. Kisha tunajaza simenti ya mifupa mule mulioliwa. Siku ya pili anasimama."

"Atapona?" niliuliza.

Alitoa picha dirishani kwanza. "Atatembea. Maumivu itapungua. Lakini kansere itabakia. Nafikiri ni miezi, si miaka. Nani atamuelezea?"

"Mimi," nilisema.

Kwenye ukumbi mjomba alinishika mkono kabla hatujamfikia mama. Yeye ni katekista, amezika watu wengi, na watu humsikiliza. Alisema, "Usimuambie. Mutu akisikia kansere imerudi, anakufa na mawazo mbele ya ugonjwa. Muache apone nyonga kwanza."

Nilimtazama mama. Alikuwa ananitazama pia. Nikamwambia mfupa umedhoofika kwa sababu ya uzee na kazi, watautia skrubu na simenti. Kila neno lilikuwa karibu na ukweli. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi pale Nyalukemba, najua namna ya kueleza jambo kubwa kwa maneno madogo. Siku ile nilitumia ufundi huo wote kumficha mama yangu kifo chake.

Walimfanyia Alhamisi. Walimchoma ganzi ya mgongoni tu, kwa hiyo alikuwa macho. Baadaye alitusimulia jinsi alivyosikia mashine ikitoboa. "Nilisikia kama vile papa yenu anatoboa kitanda," alisema, na akacheka. Baba alikuwa seremala. Kwenye nyonga yake kulikuwa na bandeji mbili ndogo tu, na shangazi zangu waliokuja kumwona waliziinamia mmoja mmoja, hawaamini kuwa upasuaji ndio huo.

Siku ya pili, kweli, alisimama. Alishika kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne, akavuta hatua tatu, akangoja maumivu yaje, hayakuja. Akaangalia miguu yake kwa muda. Kisha akaniambia, "Mungu iko." Nilikwenda msalani nikalia.

Alitembea wiki kumi. Najua hesabu hiyo kwa sababu baadaye yeye mwenyewe aliihesabu mbele yangu.

Wiki hizo alizitumia kama mtu aliyepewa miaka. Alipaka chokaa ukuta wa jikoni. Alilima kipande cha nyuma ya nyumba, akapanda muhogo, na muhogo unataka mwaka na zaidi. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anafukia vijiti vya muhogo, kimoja baada ya kingine, kisha nikarudi ndani. Mara mbili alikwenda Minova kwa boti kutafuta wauzaji wake wa zamani, akarudi amechoka lakini amefurahi kwamba hawajamsahau. Mjomba akija Jumapili alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona?" alininong'oneza. "Ungelimuua."

Lazima nieleze habari ya kaka yangu. Ni mkubwa wangu. Baba alipofariki, yeye alikuwa Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, na hakuja maziko. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, alisema hivyo kwa simu, na huenda ni kweli. Mama hakukubali. Alimwambia asikanyage kwake mpaka aje kuomba msamaha mbele ya kaburi la baba yake. Kaka naye ana kichwa kigumu kama cha mama. Ikapita miaka sita. Mama hakuwa anamtaja jina, lakini nguo za kaka alizozifunga ndani ya kitenge chini ya kitanda, kila kiangazi alizianika juani kisha akazirudisha.

Wiki ya kumi mgongo ulianza kumuuma, kisha mguu wa kushoto ukafa ganzi. Tulirudi hospitalini. Daktari yule yule alimpapasa uti wa mgongo, akaangalia picha mpya, akaiweka kando. Mama akauliza mwenyewe.

"Munganga, ile simenti imeisha nguvu?"

"Hapana, maman. Simenti iko sawa."

"Basi ni nini?"

Daktari akanigeukia. "Binti yako hakukuelezea?"

Sikuweza kuinua uso. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza yote kwa Kiswahili kilicho wazi, polepole, bila kuficha na bila ukali. Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono. Aliuliza swali moja tu: "Ulijua tangu siku ya kwanza?" Daktari akasema ndiyo. Mama hakumuuliza mimi nilijua tangu lini.

Nyumbani alipolala nilimvua viatu, ndipo akaanza, kwa sauti ya chini.

"Wiki kumi nilikuwa na miguu."

"Maman, mjomba alisema..."

"Mujomba hakunizaa wala sikumuzaa. Weye ndiye nilizaa." Akapumzika. "Nilipanda muhogo. Nilienda Minova kusalimia wachuuzi. Ningelijua, ningelienda Kamituga. Ningelienda kwa magoti. Nilikuwa nangojea yeye aanze, juu nilifikiri niko na wakati."

Nilisema nisamehe. Alifumba macho.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaenda Kamituga. Ilikuwa mvua tu. Kutoka pale magari yalipokwama nilipanda pikipiki, na mara nyingi mimi na dereva tulishuka tukaisukuma kwenye tope lililofika magotini. Siku ya tatu nilimpata kaka kwenye kibanda cha turubai juu ya mlima uliochimbwa kila upande. Sikumtambua mara moja. Mvi zilikuwa zimemjaa.

"Alisema nisikanyage kwake," alisema kabla sijamaliza salamu.

"Anakufa, kaka. Angelijua mapema, angelikuja yeye mwenyewe. Mimi ndiye nilimuzuia bila yeye kujua."

Alinitazama sana. Aliingia ndani, akatoka na mfuko mdogo.

Tulipofika Bukavu mama alikuwa hawezi tena kuinuka, na dawa ya maumivu ilimfanya asinzie katikati ya maneno. Kaka alipiga magoti kando ya kitanda na kuanza kusema maneno aliyoyatayarisha barabara nzima, mambo ya baba na kaburi. Mama akamkatiza. Alichukua mikono yake, akaigeuza, akaona kucha mbili zimeng'oka kwa mawe.

"Umekonda," alisema kwa Kimashi, lugha yetu ya nyumbani. "Umekula?"

Kaka alitikisa kichwa. Nikaleta chakula, naye akala pale pale sakafuni huku mama akimwangalia, akisinzia, akiamka, akimwangalia tena. Hivyo ndivyo walivyosameheana. Sikusikia neno jingine juu ya jambo hilo, si la kaka wala la mama.

Mama aliishi siku kumi na moja zaidi. Mimi ndiye nilimwogesha, nikambadilisha, nikamlisha uji kwa kijiko. Hakunikataza. Aliniambia maji ni baridi, au shuka limekunjika, na mara moja aliniambia niende kufundisha watoto wa watu. Siku mbili kabla hajafariki nilimuuliza tena, mchana, tukiwa wawili tu chumbani.

"Maman, umenisamehe?"

Alifikiri, au labda alisinzia. Kisha akasema, "Nigeuze upande wa kushoto."

Nikaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, nikamgeuza polepole, nikamwekea mto mgongoni ili asirudi chali. Akaniambia hapo ni vizuri.