Migongo Chini ya Kijani

Mzee Tahiri alirudi kutoka Tongoni juu ya baiskeli yake nyeusi, akaingia mtaani kwake Ngamiani, akaipita nyumba yake mwenyewe. Hakuitambua. Alifika hadi kwa muuza mkaa ndipo akashuka, akageuza baiskeli na kurudi akiikokota, huku akijisikia kama mgeni anayeulizia njia.

Nyumba aliyoiacha nyeupe, kwa ule weupe wa chokaa uliochoka, sasa ilikuwa ya kijani. Si kijani cha msikiti wala cha bendera. Kilikuwa kijani laini, kilichopooza, kama jani la mgomba linapoanza kufunuka. Madirisha yamezungushiwa ukanda mweupe. Baraza zote mbili, kulia na kushoto kwa mlango, zimepakwa hadi chini.

Najat, mke wa mwanawe Rahimu, alikuwa amesimama mlangoni na matone ya rangi kwenye ushungi. Rahimu mwenyewe ni dereva wa malori, na nyumbani huonekana kwa nadra.

"Shikamoo baba. Pole na safari. Shangazi anaendeleaje?"

"Marahaba. Hajambo sasa, jana kala."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Ulinikubalia nipake ndani, ndoo moja ikabaki. Nikaona isikaukie bure. Fundi Castory akasema na nje atapamaliza. Na rangi yenyewe yaoshwa, baba. Mtoto akichorachora, unapitisha kitambaa tu, alama haionekani tena."

Mzee Tahiri alikuwa akitazama ukuta wa barazani, pale juu ya viti vya saruji. Alama hazikuonekana tena.

Nyumba ile aliijenga akiwa fundi baiskeli kijana, enzi ambazo Tanga nzima ilitembea kwa magurudumu mawili na fundi hakulala njaa. Udongo wake ulikandwa na marehemu mkewe, Zuwena, pamoja na majirani waliokuja bila kuitwa. Siku hizi ukijenga, jirani hujua umejenga anapoona geti. Nyumba hazina baraza tena. Zina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na ndani watu wanne wamekaa sebule moja, kila mmoja na simu yake, hawana habari kama bado wanajuana.

Barazani kwa Tahiri wanaume walikaa kila siku baada ya alasiri, na kila mtu na mahali pake. Mwaka baada ya mwaka, mafuta ya nazi ya vichwa na jasho la migongo yakanywewa na chokaa, ukutani pakatokea mabaka ya rangi ya chai, kila baka na mwenyewe. Mpita njia aliweza kujua nani hajafika leo kwa kuangalia baka lililo wazi.

Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, Zuwena aliloweka chokaa kwenye debe, na wanaume walikuja na brashi za mkonge kuipaka nyumba. Mwaka mmoja Zuwena akasema na huo uchafu wa barazani ufutwe. Kombo seremala akaweka mgongo wake ukutani, akagoma kuondoka.

"Mimi bado mzima, shemeji. Ukinipaka chokaa, waite na watu wa kunisomea."

Wakacheka, na brashi ikazungushwa, mabaka yakaachwa. Mwaka uliofuata vilevile. Utani ule ukawa sheria ya nyumba. Baka la mtu lilipakwa chokaa siku moja tu: siku mjane wake alipotoka edani. Wenzake walikusanyika, mmoja akapiga brashi, ikasomwa Fatiha, ikanywewa kahawa. Ndivyo alivyopakwa Uweso, mpima mizigo wa bandarini. Ndivyo alivyopakwa Rama. Wakabaki watatu: Tahiri, Kombo, na Eliudi, Mbondei wa Muheza, Mlutheri, aliyestaafu kwenye mitambo ya mkonge.

"Mimi ni mgane, sina wa kunikalia eda," Eliudi alizoea kulalamika. "Mtanipaka lini?"

"Wewe utasubiri ufufuo," Kombo humjibu. "Si ndivyo mlivyoahidiwa?"

Sasa siku ile ya kijani, Kombo akatokea na mkongojo wake kama kawaida. Akatoa salamu, Tahiri akaitika na kumkaribisha. Kombo hakukaa. Aliutazama ukuta kwa muda, akianzia kulia, akaishia kushoto.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi tumezikwa watatu hai. Ama ilikuwa ajali ya basi, sikusikia."

Najat akatoka na kahawa. Alikuwa ameolewa kutoka Pangani baada ya Zuwena kufariki, na tangu hapo hakuna aliyepiga tena chokaa. Hakuwahi kuona brashi ikizunguka mgongo wa mtu.

"Shikamoo baba Kombo. Waionaje rangi yetu?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Wodini hupaka hivi hivi, mgonjwa atulie asisumbue."

Najat akacheka, akamgeukia mkwewe. "Na wewe baba, tangu umefika hujasema neno."

Mzee Tahiri aliziona kucha za Najat, kijani mpaka kwenye nyama. Binti wa watu ameinama siku nzima akisugua sakafu nyuma ya fundi. Mtu aliyelelewa hamfedhehi mkwewe mbele ya mgeni. Hayo alifunzwa kabla hajajua kupanda baiskeli.

"Imependeza," akasema.

Kombo akanywa kahawa yake wima. Akarudisha kikombe kwenye sinia polepole.

"Haya. Ikiwa imependeza, imependeza. Nitapita."

Mtu wa barazani hasemi nitapita. Nitapita ni neno la mtu wa kwingine. Kombo hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Eliudi naye akaanza kupita upande wa pili wa njia, akinyoosha mkono kwa mbali.

Tahiri akamfuata Kombo kwake. Alimkuta uani amekaa juu ya kigoda, peke yake, amekabili ukuta wa jirani.

"Yule mtoto hakujua," Tahiri akasema.

"Hakujua, sina ugomvi naye. Wewe ulijua, ukasema imependeza."

"Ulitaka nimtukane mke wa mwanangu mbele yako?"

"Nilitaka unyamaze tu. Ungenyamaza, ningekaa."

"Kaa sasa basi. Njoo na Eliudi."

Walikuja, kwa kumstahi. Walikaa kwenye ncha ya baraza, migongo imenyooka, haigusi rangi, mikono magotini kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Mazungumzo yalianza na kukatika. Najat aliwachungulia dirishani, akawaonea huruma. Akatoka na mito mitatu yenye foronya za maua, akaipanga ukutani.

"Egemeeni, wazee wangu. Ukuta usiwaumize."

"Tumekuwa maharusi," Eliudi akasema, na hakuna aliyecheka. Kahawa ilipokwisha walisimama pamoja. Hawakurudi tena.

Hapo ndipo Mzee Tahiri alipomweleza Najat habari ya mabaka, yote, mpaka brashi ya mwisho aliyopigiwa Rama. Najat alisikiliza huku akichambua mchele. Mkono wake ukasita juu ya ungo.

"Ungeniambia, baba. Ningemwambia Castory azungushe brashi."

Hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi. Angemwambia. Lakini wazee wa siku zile walidhani mambo yao yanajieleza yenyewe, kwamba anayeingia nyumbani atayaona ukutani na kuyaelewa. Na hawa watoto wa sasa hawaulizi, maana hawajui kwamba kuna cha kuuliza.

Alijaribu kuanza upya. Alijipaka mafuta ya nazi kichwani na mabegani, akaegemea mahali pake kila siku baada ya alasiri, peke yake, kaskazi yote. Najat aliwakataza watoto wasiguse pale, na yeye mwenyewe hakupitisha kitambaa. Ilikuwa kazi bure. Chokaa hunywa, rangi ile hainywi kitu. Mafuta yalikaa juu yake yaking'aa, umande ukayateremsha, asubuhi kijani kilikuwa kijani.

Masika ilipoanza, Kombo akafa. Tahiri alibeba jeneza, akatia udongo, akarudi nyumbani. Tangu siku ya mito hawakuwahi kukaa pamoja tena.

Mjane wa Kombo alipotoka edani, Mzee Tahiri aliloweka chokaa kwenye debe lilelile la Zuwena na kuitoa brashi ya mkonge darini. Eliudi alikuja bila kuitwa, amevaa koti. Wakasimama wawili mbele ya baraza, na Najat nyuma yao na sinia la kahawa.

Tahiri akachovya brashi, akausogelea ukuta wa kushoto, karibu na dirisha. Akainua mkono.

"Hapo alikaa Uweso," Eliudi akasema. "Kombo alikuwa mlangoni."

"Mlangoni alikuwa Rama. Kombo hakutaka mlangoni, alisema upepo wamtia kikohozi."

"Kikohozi kilikuwa cha Rama, bwana. Mimi nilikaa hapa, Kombo akawa mkono wangu wa kulia."

"Wa kulia ukikaa, au ukitazama nyumba?"

Eliudi alikwenda akakaa, akajaribu upande wa kulia, akajaribu wa kushoto, akasimama tena. Ukuta ulikuwa sawa popote, laini, bila hata ufa wa kushika jicho. Chokaa ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye brashi, ikimchafua Tahiri miguu.

"Nionyesheni tu," Najat akasema taratibu. "Hata kwa kukisia. Nitapaka mimi."

Mzee Tahiri alirudisha brashi ndani ya debe, akalibeba hadi barabarani, akaimwaga chokaa mtaroni. Ikatiririka nyeupe mbele ya geti la jirani, ambako kamera ndogo iliyofungwa juu iliitazama ikipita.

Eliudi alisoma sala yake kimyakimya, Tahiri akasoma Fatiha, kila mmoja ameelekea pale alipodhani Kombo alikaa. Kahawa ilinywewa wima.

"Nitapita," Eliudi akasema, akafunga vifungo vya koti.

Mzee Tahiri akabaki kwenye ncha ya baraza, mgongo umenyooka. Alasiri ilikuwa ndefu, na mgongo wa mzee hauvumilii sana.

"Nikuletee mto, baba?" Najat akauliza kutoka mlangoni.

Alijisogeza nyuma kidogo.

"Lete."