Jina la Kujaribia

Fundi anayetuundia programu ya kuunganisha kompyuta zetu na hifadhidata ya mtandaoni, hapa Ngagara tunakoandikisha wakimbizi, nilikuwa simwamini. Akiandika neno la siri hufunika vidole kwa kofia. Akienda chooni hubeba kompyuta kwapani. Na kila akibadilisha mpangilio mmoja hutafuta jina lilelile la mwanamke, mashine ijibu: hayupo. Nikadhani anauza majina ya watu.

“Huyu ni nani?” nilimuuliza.

“Dada yangu, mama. Alipotea ku njia ya Uvira. Najua haiko humu. Siku programu itasema iko, nitajua inadanganya.”

Jana ilijibu: yupo, aliandikishwa Jumatatu. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Kisha akafuta programu yote, akaanza kuiunda upya.