Talaka Iliyotundikwa kwenye Kidonge

Ulimi hauna mfupa, na wa Zahran haukuwa hata na mlango. Talaka ya kwanza ilitoka kwa sababu ya mchuzi uliopoa. Ya pili ilitoka kwa sababu Nassra alikwenda kumzika shangazi yake huko Bububu bila ya kungoja mume arudi ampe ruhusa. Mara zote mbili hasira zilipomtoka alimrejea mkewe, akamletea kanga na halua, na wazee wakasema hayo ndiyo mambo ya nyumbani. Ikabaki moja. Mwanamke aliyebakiwa na talaka moja hutembea ndani ya nyumba kama aliyebeba sinia la vikombe ngazini, na Nassra alilibeba sinia hilo miaka na miaka bila ya kuvunja hata kikombe.

Kisha likaja joto.

Lilimkuta kwenye cherehani, katika nyumba ya ukoo wa Zahran pale Kiponda, anaposhona nguo za maharusi. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, na kabla hajainua kichwa jasho lilikuwa limeshadondokea satini nyeupe ya mtu. Usiku alilala na kanga ya pili pembeni ya kubadilishia. Alisahau vipimo alivyovichukua asubuhi ile ile, akawa mkali hata kwa wateja waliomzowea, na akilia hajui analilia nini. Hedhi yake ilikuwa imekatika zaidi ya mwaka. Rasha, dada yake Zahran anayekaa chumba cha juu, alisema huyo ni jini, akamletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Nassra alilinywa kwa heshima ya kilichoandikwa. Joto likaendelea.

Mwisho alikwenda kwa daktari mwanamke, kwenye kliniki moja huko Amani. Daktari alimpima presha, akamwangalia maziwa, akamuuliza kama kwao yuko aliyepata kuganda damu au saratani ya ziwa. Akamwambia kwa kuwa mfuko wake wa uzazi upo, atampa kidonge chenye homoni mbili: moja ya kutuliza joto, nyengine ya kuulinda huo mfuko. Akamwonya kwamba akiona mguu umevimba au kifua kinabana asingoje, na hata akijiona mzima arudi baada ya miezi mitatu aangaliwe.

Nassra alitoka pale na hasira iliyomshangaza mwenyewe. Alipovunja ungo aliwekwa ndani akafundishwa kila kitu, mpaka namna ya kukunja kitambaa. Alipoolewa akafundwa tena, siku nenda siku rudi, mpaka akachoka. Lakini juu ya kumalizika kwa hayo yote hakuna mwanamke aliyemfungulia mdomo, kana kwamba wote walikufa kabla ya kufika huko. Mambo haya yana majina, yana dawa, na yeye alikuwa akinyweshwa zafarani!

Baada ya wiki kadhaa alianza kulala. Mkono ukatulia kwenye sindano, na mabibi harusi wakaacha kumwogopa.

Rasha ndiye aliyevikuta vidonge. Alifungua mtoto wa meza ya cherehani kutafuta mkasi, akaona pakiti iliyopangwa kwa siku, sawasawa na vya majira, vile vya kuzuia mimba. Na kaka yake yuko Maskati, mwaka wa pili hajarudi. Kumuuliza mtu "wifi, hivi ni vya nini?" kulimshinda. Kupiga picha na kuipeleka Maskati hakukumshinda.

Sauti ya Zahran iliingia kwenye simu ya mkewe kabla ya alasiri. Hakusalimia wala hakuweka akiba ya maneno.

"Mimi nnahangaika na jua la watu huku, wewe unameza vya kuzuia mimba. Mimba ya nani? Sasa nisikilize. Ukimeza tena dawa hiyo, umeachika."

Naye hakuuliza. Ndugu wawili wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliyefunzwa kuuliza.

Usiku ule Nassra hakumeza. Hakuwa akimwogopa mtu. Alitaka kwanza asikilizwe. Siku ya pili akaitwa Ami Sleiman, baba mdogo wa Zahran, mtu wa msikitini anayezijua sharia za ndoa. Walikaa mkekani ukumbini, simu imeegemezwa kwenye jagi la maji, uso wa Zahran umejaa kioo kizima.

"Ami, mimi hedhi yangu imekatika," alisema Nassra. "Mwaka umepita na zaidi. Hivi ni vidonge vya joto na usingizi, nimepewa na daktari. Hapa hakuna wa kupata mimba."

Ami Sleiman alikohoa, akautazama mkeka. Rasha akavuta mtandio wake. Zahran akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe umezeeka tu," alisema. "Si ungesema mapema?"

Kusingiziwa zinaa kulikuwa kumemuumiza Nassra, lakini kicheko kile kilimchoma zaidi. Hakuna aliyemwomba radhi, si mume wala wifi.

"Zahran, ile kauli uliitoa kwa nia?" Ami aliuliza.

"Niliitoa, Ami. Nilikuwa na hasira."

"Kauli ikishatundikwa haitunguliwi. Likitimia sharti, imepita. Na hii ni ya tatu, hakuna kurejeana." Mzee akageuka. Hakumgeukia mwenye ulimi; alimgeukia Nassra. "Mwanangu, jambo lenyewe ni jepesi. Wewe usivimeze tena, ndoa yako itasalimika."

"Basi ndiyo hivyo," Zahran alidakia. "Tena mimi mwenyewe sipo. Unavimeza kwa ajili ya nani?"

"Mama hakumeza kitu," Rasha naye akasema, "na alikufa na heshima yake."

"Mama yenu alikuwa akitoka usiku kukaa ngazini apate baridi, mkamfungia mlango mkasema ana jini. Nikimfuta jasho mimi, si wewe. Leo usimtaje."

"Stahamili, mwanangu," alisema Ami.

"Nshastahamili, Ami. Mchuzi ulipopoa nilistahamili. Nilipomzika shangazi yangu nilistahamili. Ulimi ni wake, na wa kukosa usingizi niwe mimi?"

"Unaona?" Zahran alisema kutoka kwenye simu. "Hasira zenyewe hizo ndiyo maradhi yako."

Nassra aliinuka. Alijua vyema anachokiendea. Nyumba ni ya ukoo wao, na eda ya talaka ikisha atatoka Kiponda na cherehani yake moja, arudi kwa kaka yake huko Amani akaanze upya, na kwenye maharusi wanawake watanong'ona kwamba Bi Nassra ameacha mume kwa kidonge. Aliyajua yote hayo alipokuwa akienda chumbani, na aliyajua alipokuwa akirudi.

Alilichukua jagi amimine maji. Simu ikaanguka kifudifudi mkekani. Akasema bismillahi, akakimeza kidonge cha siku ile, akanywa maji yote mpaka gilasi ikabaki tupu.

"Nassra," sauti iliita kutoka chini ya simu. "Nassra, kumetokea nini huko?"

Rasha hakuthubutu kuiinua. Ami Sleiman alishika kichwa, akanong'ona inna lillahi. Lakini sharia ni sharia, na lilibaki suali ambalo lazima mtu aliulize. Aliliuliza bila ya kumtazama usoni.

"Eda yako, mwanangu, tuihisabu kwa hedhi, au kwa miezi, kama wale waliokwisha?"

"Kwa miezi, Ami," alisema Nassra. "Ndilo nililokuwa nikikwambieni tangu nilipokaa hapa."