Ngatia wa Bucha Ziwani Nakuru

Ngatia mwenye bucha ya Naro Moru hakuwa mtu mbaya, jamani, ila macho yake yalikuwa na kasoro moja: hayakujua kumtazama mnyama akiwa mzima. Tangu afungue bucha, mwaka ule wa uhuru, kila chenye kwato alikiona kimeshaning'inia. Hata Krismasi, watoto wakiigiza kuzaliwa kwa Yesu, yeye alikaa akimkadiria kondoo wa wachungaji mpaka mkewe Waithira akamfinya.

Mwaka wa sabini na tatu Wakristo wa Nyeri walikodi basi kwenda mbuga ya Ziwa Nakuru. Mzee Kihara wa Wamagana akaomba kiti kando ya Ngatia. Huyu ndiye baba yake Kagure, msichana aliyemkosesha usingizi Peterson, mwana wa Ngatia. Kihara alikuwa hajakubali posa. Alitaka kwanza kumjua baba mtu, na msimamo wake juu ya wala nyama ya porini ulijulikana kote: "Mtu ya kutamani swara ni mtu hana mbuzi."

"Baba Peterson," Waithira alionya kabla hawajapanda, "leo hiyo mdomo yako ufunge. Ukitaja nyama tu, mtoto wetu amekosa bibi."

"Nitanyamaza," Ngatia akasema, na maskini alimaanisha.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Heroe walijaa ziwani, wekundu kote kote, akina mama wakapiga vigelegele. Ngatia alistarehe kabisa, maana ndege mwenye miguu kama fito hamsumbui muuza nyama. Kisha kuro dume, yule swala mkubwa, akavuka barabara, kifua mbele. Ngatia akachukua kiazi kitamu cha safari, akakijaza mdomoni usije ukasema. Akapita ngiri na watoto wake, kikaingia kiazi cha pili.

"Ati unaonaje hawa?" Kihara akamchimba.

"Mungu ni fundi," Ngatia akajibu na kiazi chake, jasho likimtoka.

Ndipo kiboko akatoka majini, mnene, anang'aa, akasimama karibu kabisa na basi. Viazi vilikuwa vimekwisha. Ngatia akauma midomo, na mdomo ukatii. Lakini mkono haukuwa umeonywa na mtu. Juu ya kiti cha mbele kidole chake kilikuwa kinachora polepole: bega hapa, mbavu hapa, paja kule.

Alipogeuka, Kihara alikuwa anakitazama kile kidole.

Ngatia aliogopa kweli kweli. Alimwona Peterson amezeeka bila mke, na kosa ni la babake. Hata kuuondoa mkono alishindwa.

Mzee Kihara akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Watu wote walikuwa wamejazana madirishani. Akakishika kile kidole, akakisogeza nyuma kidogo.

"Apana hapo, mkwe wangu," akanong'ona. "Hapo utaharibu mbavu. Anzia huku."